Kwao rafiki yako Mhui: milima ya Xiji, maisha yake na njia ya kufika

Swali: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga, nasoma uhandisi hapa Xi'an. Rafiki yangu wa darasani ni Mhui, yaani wa kabila la Waislamu wa China wanaosema Kichina, kwao ni tarafa ya Xinglong, wilaya ya Xiji, mkoa wa Ningxia. Amenialika likizo ya kiangazi. Wachina wengine darasani wananiambia kule ni milimani tu, hakuna maji, watu ni maskini, bora niende Yinchuan nikapige picha nirudi. Ni kweli? Kwa nini Waislamu wengi hivyo wakae sehemu ngumu namna hiyo? Wanaishi kwa kazi gani? Na nikienda nipite wapi, nijichunge na nini?

Jibu: Waaleikumu salaam, mwanangu. Nenda. Wenzako hawakukudanganya, ila mengi wanayokusimulia ni habari za Xiji ya zama za wazazi wao. Lililobaki kweli ni ukame, na ukiuelewa huo umeielewa nchi nzima, maana kule umaskini wa jana na ng'ombe wa leo vyote vimeanzia kwenye maji.

Mkoa wa Ningxia una nchi mbili ndani yake. Kaskazini kuna Mto Manjano, na mifereji ya kumwagilia iliyoanza kuchimbwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Huko ndiko kuna mashamba ya mpunga na mji mkuu, Yinchuan. Kusini ni milima mikavu inayoitwa kwa pamoja Xihaigu, yaani Xiji, Haiyuan na Guyuan. Tarafa ya rafiki yako iko kusini mwa wilaya ya Xiji, kwenye bonde la mto Hulu, upande wa magharibi wa safu ya milima ya Liupan. Mto huo si mkubwa, lakini maji yake hushuka kusini hadi kwenye mto Wei, uleule unaopita kaskazini ya mji unaosoma wewe. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Mwinuko usikutishe. Makazi mengi ya Xiji yako karibu mita 1,700 hadi 2,000 juu ya bahari, kiasi cha Njombe hivi, kwa hiyo hutakosa pumzi. Kinachotofautisha ni udongo na mvua. Udongo wa kule unaitwa loesi. Ni vumbi laini la rangi ya manjano lililopeperushwa na upepo kutoka majangwa ya kaskazini kwa zaidi ya miaka milioni 2, likarundikana hadi kina cha mita 100 na zaidi mahali pengi. Ukikauka unasimama wima, unaweza kuuchimba pango ukaishi ndani, na watu waliishi hivyo kwa karne nyingi. Ukilowa unalegea na kwenda na maji. Mvua nayo ni kama milimita 400 kwa mwaka, pungufu kuliko Dodoma, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Julai na Septemba kwa vipindi vikali vya muda mfupi. Basi udongo unaoyeyuka ukikutana na mvua ya kishindo, matokeo yake ni makorongo. Utayaona ukiwa ndani ya basi: mlima umechanwachanwa, kijiji kiko upande huu na shamba lake upande wa pili. Kwa macho ni karibu, kwa miguu ni safari.

Udongo huohuo ndio ulioua watu tarehe 16 Desemba 1920. Tetemeko la Haiyuan lilipiga usiku, katika baridi kali, likaua zaidi ya watu 200,000. Ni miongoni mwa matetemeko yaliyoua watu wengi zaidi katika karne nzima ya ishirini. Mapango ya kuishi yaliwafukia waliokuwa ndani, na vilima vizima vya loesi vilitiririka na kufunika vijiji. Mahali pengine maporomoko yaliziba mabonde, maji yakajikusanya nyuma yake yakawa maziwa. Baadhi ya maziwa hayo yapo Xiji hadi leo, na mwenyeji wako akikupeleka kwenye ziwa moja zuri lililozungukwa na vilima vya manjano, jua kwamba huenda unakanyaga juu ya kaburi la watu wengi. Katika tetemeko hilo alikufa pia Ma Yuanzhang, kiongozi wa tarika ya Jahriyya, akiwa Zhangjiachuan, mkoa jirani wa Gansu. Kwa Waislamu wa milima ile ulikuwa msiba juu ya msiba.

Sasa, kwa nini wakakaa pale? Hili ndilo swali lako zuri kuliko yote, na jibu lake liko karibu na bweni lako.

Uislamu ulishafika milima ya Liupan tangu enzi za Wamongolia. Mwanamfalme Ananda, mjukuu wa Kublai Khan, alikuwa Mwislamu, na kasri yake moja ilikuwa Kaicheng, karibu na Guyuan ya leo. Aliuawa mwaka 1307 katika ugomvi wa kugombea ufalme, lakini Waislamu hawakuondoka. Wahui wa leo ni wazao wa Waajemi, Waarabu na watu wa Asia ya Kati waliooana na wenyeji, na lugha yao ya nyumbani ni Kichina. Hata hivyo wingi wao milimani una sababu nyingine, chungu zaidi. Hadi katikati ya karne ya kumi na tisa, Waislamu wengi wa mkoa wa Shaanxi walikuwa wakulima kwenye bonde la Wei, ardhi nono kabisa, hukohuko Xi'an uliko. Mwaka 1862 vikazuka vita kati ya Wahui na majirani zao Wahan, kabila kubwa la China, vikawa uasi mkubwa dhidi ya dola ya Qing iliyotawala China wakati huo, na mauaji yalikuwa ya kutisha pande zote. Jenerali Zuo Zongtang alipouzima uasi, hakuwaruhusu Wahui waliosalimika kurudi kwenye mashamba yao. Aliwahamishia kwenye nchi kavu ya mbali na barabara kuu: Huaping, inayoitwa Jingyuan siku hizi, Zhangjiachuan, na vilima vya jirani. Bondeni walibaki hasa wale Wahui waliokuwa ndani ya kuta za mji wa Xi'an, na mtaa wao ndio ule unaokwenda kula mishikaki kila Ijumaa.

Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba umaskini wa Xihaigu ulitokana na mila au uvivu. Watu walisukumwa hadi mahali ambapo mvua haitoshi, kisha wakaongezeka idadi, wakalima hadi kwenye miteremko mikali kwa sababu hapakuwa na pengine, na kila walipolima udongo ulizidi kwenda na maji. Ukimuuliza babu yake rafiki yako, kama yu hai, atakueleza kuhusu shimo la maji la nyumbani. Lilichimbwa kwa umbo la chupa, mdomo mwembamba na tumbo pana, likasiribwa kwa udongo mwekundu uliopondwa vizuri, baadaye kwa saruji. Ua wa nyumba ulifagiliwa na kulainishwa ili kila tone la mvua literemkie humo, na wakati wa baridi theluji ilizolewa kwa koleo ikatupwa ndani ikayeyuke. Maji hayo ndiyo yalikuwa ya kunywa, kupika, kunywesha punda na kutawadhia mpaka mvua ya mwaka unaofuata. Birika ya kutawadhia utaikuta kwenye kila nyumba ya Mhui, na ukiangalia mtu mzima anavyoitumia, jinsi anavyoosha viungo vyote kwa maji ya vikombe vichache tu vya chai, utaelewa alikulia wapi.

Mageuzi yamekuja kwa hatua. Mwaka 1983 serikali kuu iliiingiza Xihaigu, pamoja na maeneo mawili ya Gansu, kwenye mpango maalumu wa kupambana na umaskini. Miteremko ikakatwa matuta ya ngazi, mashamba yaliyoinama mno yakarudishwa kuwa misitu na nyasi kwa fidia, na mwaka 2003 Ningxia ikapiga marufuku kuchunga mifugo malishoni mkoa mzima. Amri hiyo iliwaumiza wafugaji mwanzoni, sitakuficha, lakini vilima vilivyokuwa uchi leo vina kijani. Mwaka 2016 ukakamilika mradi wa kuleta maji kutoka chanzo cha mto Jing, upande wenye mvua zaidi wa Liupan, hadi kwenye wilaya kavu ikiwemo Xiji. Sasa bomba limefika nyumbani, na mashimo mengi ya zamani hutumika kwa mifugo na bustani. Novemba 2020 Xiji ikatangazwa kutoka kwenye orodha ya wilaya maskini, ikiwa ya mwisho Ningxia. Tangazo hilo lipokee kwa kipimo chake: lina maana chakula, nguo, nyumba salama, shule na matibabu ya msingi vimepatikana. Utajiri ni habari nyingine, na utaliona hilo kwa macho.

Wengine wengi walihama kabisa. Tangu miaka ya 1980 zaidi ya watu milioni 1 wamehamishwa kutoka kusini mwa Ningxia kwenda maeneo yenye maji ya Mto Manjano. Makazi yao maarufu ni Minning, karibu na Yinchuan, yaliyoanzishwa 1997 kwa ushirikiano na mkoa wa Fujian, na familia nyingi za hapo zimetoka Xiji. Hapa kuna jambo litakalowavutia wasomaji wetu wa Maziwa Makuu. Katika ushirikiano huo, Profesa Lin Zhanxi wa Fujian aliwafundisha wakulima wa Ningxia kuotesha uyoga kwa majani yaliyokatwakatwa badala ya magogo ya miti, njia inayoitwa juncao. Njia hiyohiyo ndiyo inayofundishwa kwenye kituo cha kilimo cha China kilichopo Huye, Rwanda, na wakulima wa huko wanauza uyoga kutokana nayo. Vilima vya Rwanda na vya Ningxia havifanani kwa mvua, lakini tatizo la mteremko na shamba dogo ni lilelile.

Waliobaki Xiji wanaishi kwa mambo matatu: viazi, ng'ombe na fedha zinazotumwa na waliokwenda kufanya kazi mbali.

Viazi mviringo vinaipenda nchi ile kwa sababu usiku ni baridi na udongo ni laini. Ukienda Julai utaona vilima vimejaa maua meupe na ya zambarau. Wanafunika matuta kwa karatasi ya plastiki ili unyevu usipotee na mvua ndogo itiririkie kwenye mmea, ujanja ambao umeongeza mavuno ya viazi na mahindi sana, ingawa vipande vya plastiki vinavyobaki ardhini sasa ni kero ya kweli. Viazi huuzwa vibichi, kama mbegu, au hugeuzwa wanga na tambi za wanga. Kuna pia kitani cha mafuta chenye maua ya buluu, selari inayolimwa mabondeni, na qiaomai, nafaka yenye mbegu nyeusi za pembe tatu, inayovumilia msimu mfupi kati ya jalidi moja na nyingine. Tambi za qiaomai zina rangi ya kijivu na ladha nzito kidogo, usizikatae.

Lakini Xinglong jina lake ni ng'ombe. Kijiji cha Shanjiaji, ndani ya tarafa hiyo, kinajulikana kwa biashara ya ng'ombe na uchinjaji, na nyama yake hushuka hadi miji ya mbali. Kwa kuwa kuchunga kumekatazwa, ng'ombe wanafugiwa ndani. Utakuta banda ukutani mwa ua, ng'ombe wekundu wenye uso mweupe, chotara wa Simmental, na pembeni lundo la mahindi yaliyokatwa mabichi na kuvundikwa chini ya plastiki. Harufu yake ni ya uchachu, hutaisahau. Kazi ya kuwalisha na kuzoa samadi mara nyingi ni ya mama na bibi, kwa sababu wanaume na vijana wako Yinchuan, Xinjiang au Fujian kwenye ujenzi na migahawa.

Muombe rafiki yako akupeleke gulioni. Magulio ya kule huzunguka kwa tarehe za kalenda ya mwezi, kila tarafa na siku zake, ili mchuuzi aweze kuyafuata yote. Kwenye soko la ng'ombe la nyanda zile, simama kando uwaangalie madalali wa kizamani. Dalali hatamki bei. Anamshika muuzaji mkono ndani ya mkono wa koti, au chini ya kofia, na bei inasemwa kwa vidole: moja mpaka tano ni idadi ya vidole vyenyewe, kidole gumba na cha mwisho pamoja ni sita, vidole vitatu vikibanwa ncha ni saba, gumba na cha shahada vikitanuliwa ni nane, cha shahada kikikunjwa ni tisa. Anamwacha muuzaji, anakwenda kwa mnunuzi, anafanya vilevile, anarudi. Waliosimama karibu hawajui kitu, na hakuna anayevunjiwa heshima kwa kukataa bei hadharani. Wakikubaliana, malipo yanafanyika kwa simu hapohapo.

Usiulize sana juu ya faida, maana miaka ya karibuni imekuwa migumu. Kuanzia 2023 bei ya ng'ombe iliporomoka China nzima, kwa sehemu kutokana na nyama nyingi ya bei nafuu kutoka Brazil na nchi nyingine, na familia zilizochukua mkopo wa kununua ndama wa bei ya juu ziliuza wakubwa kwa hasara. Kwa maoni yangu hilo ndilo doa kubwa la mpango mzima: wilaya ikisukumwa yote kwenye mfugo mmoja, soko likiyumba kila nyumba inayumba siku moja. Viazi na qiaomai havileti fedha nyingi, lakini vimewavusha watu hawa kwenye miaka mibaya kuliko hii.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka Xi'an unaweza kupanda treni ya kawaida inayopitia Baoji hadi Guyuan, au basi la barabara kuu inayopitia Pingliang. Mimi ningekushauri treni, hasa kwa mara ya kwanza, ili uone bonde la Wei likifinyika na milima ikianza. Guyuan ina uwanja mdogo wa ndege pia. Kutoka Guyuan kuna mabasi ya Xiji, na kuelekea Xinglong utapata basi dogo au gari la kuchangia, ila mwache rafiki yako apange hilo. Barabara mpya hupita chini ya Liupan kwa handaki la zaidi ya kilomita 9. Kama mna muda, piteni ile ya zamani inayopanda mlima. Kilele cha Liupan kina mita 2,942, na Oktoba 1935 Mao Zedong na jeshi lake waliuvuka mlima huo, baada ya kulala Shanjiaji, ambako alikutana na imamu msikitini. Wazee wa pale wanajivunia habari hiyo na watakuonyesha mahali penyewe. Guyuan pia ina mapango ya Kibudha ya Xumishan, yenye sanamu ya Buddha ya mita 20 na zaidi, na Xiji ina miamba myekundu ya Huoshizhai.

Kiangazi mchana ni joto la wastani, usiku utahitaji sweta. Wakati wa baridi joto hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na kitu, wewe mtoto wa Tanga usijaribu bila koti la maana. Wanalala juu ya kang, kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini.

Chakula kisikupe wasiwasi, ni halali nyumba hadi nyumba. Utakaribishwa kwanza kwa chai ya kikombe chenye kifuniko, ndani mna kunazi kavu, zabibu, goji (vitunda vidogo vyekundu), jozi, ufuta na sukari ya mawe. Usinywe ukaimaliza kama huitaki tena, maana kikombe kitupu hujazwa. Watakupa youxiang, mkate wa kukaangwa unaokaribiana na andazi bapa. Umege kwa mkono, usiung'ate mzima. Kuna nyama ya kondoo ya kula kwa mkono, na ukibahatika kukuta harusi utaletewa karamu ya mabakuli tisa yaliyopangwa kwa mraba.

Msikitini utaona tofauti ndogo. Wao ni Wahanafi, wewe bila shaka Mshafii. Alasiri yao huingia baadaye kuliko uliyozoea, "amin" wanaisema kimyakimya, na alfajiri hakuna kunuti. Wafuasi wa Jahriyya wanaleta dhikri kwa sauti, na mtu aliyekulia kwenye dhikri za Kikadiria za pwani yetu hatajisikia mgeni. Wapo pia wasiokubaliana na tarika. Usiingie kwenye mabishano hayo, swali nyuma ya imamu uliyemkuta.

Sasa yale ya kujichunga. La kwanza: ukilala nyumba ya mtu, sheria ya China inakutaka uandikishwe polisi ndani ya saa 24. Nenda na mwenyeji wako kwenye kituo cha tarafa siku hiyohiyo, ukiwa na pasipoti na kibali chako cha ukaazi. Ukizembea, usumbufu hautakuwa wako tu, utakuwa wa familia iliyokupokea. La pili: mambo ya dini yanasimamiwa kwa ukali. Tangu 2018 hivi, misikiti mingi ya Ningxia imeondolewa makuba na maandishi ya Kiarabu. Usipige picha za msikiti na kuzirusha mtandaoni, usigawe vitabu wala kaseti za mawaidha, usitoe darsa hata ukiombwa, na usiwaulize wenyeji maswali ya siasa mbele za watu. Msahafu wako wa kusoma mwenyewe hauna tatizo. Wakitaka kusema jambo watakuambia wenyewe nyumbani. Ukisikia, libaki kwako.

Zawadi: usiende mikono mitupu. Kahawa hawaijui sana. Tende nzuri wanaziheshimu mno, na karafuu kidogo kutoka nyumbani itamfurahisha mama mwenye nyumba, kwa kuwa supu zao za nyama hupikwa kwa viungo. Vya kumpa mkononi mpe kwa mikono miwili, kwanza babu au bibi, ndipo wazazi. Na tarehe ya kwenda, kama unaweza kuchagua, panga mwishoni mwa Julai hadi katikati ya Agosti. Kabla hujakata tiketi mwulize rafiki yako siku za gulio la Xinglong ni zipi.